Ukurasa wa Sita wa Dada Wino

Mwaka 2003 Mama Lerato alikuwa akijaza fomu za watu kwenye meza ya mbao pale Marshalltown, Afrika Kusini, ubavuni mwa jengo la ofisi ambalo halikumkaribisha wala halikumfukuza. Juu ya meza kulikuwa na taipureta ya chuma, karatasi za kaboni na kopo la pini. Mkongo aliyeomba hifadhi alikwenda kwake. Mrundi aliyetaka kuongezewa miezi sita alikwenda kwake. Mtanzania aliyetaka kugeuka Mrundi naye alikwenda kwake, akarudishwa.

"Mimi sichapi uongo wa watu," alikuwa akisema. "Wangu mmoja unanitosha."

Wateja walicheka. Walidhani ni mzaha. Ulikuwa uongo kamili, wa ukurasa mzima, na mwaka huo ulikuwa unatimiza miaka ishirini na miwili.

Jina lake ni Perpetua Ligombo, mzaliwa wa Ulanga, binti wa mkulima wa pamba. Mimi nilikuwa mpangaji wake mtaa wa La Rochelle, chumba cha uani, nikisoma diploma ya upimaji ardhi ambayo iliishia katikati kama daraja la serikali. Aliniita Nusu Diploma, hata mbele ya wageni. Mengi ninayoyaandika hapa alinisimulia mwenyewe huku akipiga pasi. Ya mwisho niliyaona kwa macho.

Baada ya darasa la saba alisoma uchapaji Morogoro, na mwaka 1980 akapata kazi katika shule ya wakimbizi wa siasa wa Afrika Kusini, nje kidogo ya mji. Kazi yake ilikuwa stensili. Unachapa kwenye karatasi yenye nta, unaivalisha kwenye pipa la mashine, unamimina wino, unazungusha mkono, na nakala zinatoka moja moja kama vifaranga. Wino ule haukuwa wa kutoka kwa sabuni. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka viwikoni, na shule nzima ikamwita Dada Wino.

Pale kila mtu alikuwa na jina la kuazima. Kanuni ilikuwa moja: jina la nyumbani huliulizi na hulitaji, maana majasusi wa Makaburu walikuwa na masikio hata Morogoro. Ndiyo sababu kulikuwa na kijana wa Kixhosa, mtoto wa mchungaji, aliyeitwa Seif, na mwingine wa Soweto aliyeitwa Ephraim Maseko. Ephraim ndiye aliyetumwa kuchukua nakala za masomo. Alikuwa akija kuzichukua hata siku ambazo hakuna nakala.

Sasa Somo la Nne. Liliitwa Sayansi na Mapinduzi, kurasa nane za mwandiko wa mwalimu wa siasa, kwa Kiingereza. Lilianza na yule Mtaliano aliyeelekeza darubini kwenye sayari, akaona ina miezi yake inayoizunguka, isiyo na habari kabisa na dunia yetu. Likaja kwa Mwingereza aliyesema kuwa nguvu inayoangusha tunda ndiyo hiyo hiyo inayoushika mwezi. Ukurasa wa tano uliishia kwenye swali: ikiwa mbingu zinakwenda kwa sheria moja, isiyojali nani ni nani, mfalme amepewa na nani ruhusa ya kwenda bila sheria? Ukurasa wa saba ulianza na watu wa Paris wanavunja gereza. Katikati palihitajika daraja. Na daraja hilo Perpetua alikuwa amelifutia wino.

Alidhani ni karatasi chakavu. Pembeni ya mashine huwa kuna rundo la karatasi za kufutia pipa, na upepo ulikuwa umefanya kazi yake. Mwalimu alikuwa amesafiri kwenda Lusaka. Somo lilikuwa kesho yake asubuhi, wanafunzi themanini. Ephraim alimkuta ameketi saa nane mchana mbele ya mashine.

"Dada Wino, ukurasa wa sita uko wapi?"

"Huu hapa." Akamwonyesha kitu cheusi kilichokunjamana.

"Eish."

"Usiniambie eish. Niambie kilichokuwamo."

"Nitajuaje? Mimi ni mwanafunzi. Hilo somo ndilo ninalongoja kufundishwa."

"Basi kaa, tulifundishane."

Akamwambia kitu pekee alichokijua kuhusu mfalme na sheria, nacho ni habari ya mizani. Alipokuwa mdogo, Ulanga, pamba ilipimwa na karani mmoja, chini ya ulinzi wa jumbe. Gunia lililomvunja baba mgongo nyumbani lilifika kwa karani likawa jepesi kama la mtoto. Watu walisema ni unyevu. Walisema ni njia ndefu. Walisema ni Mungu. Kisha baba yake akaenda misheni kwa Bruda Gustave, Mswisi aliyekuwa akitengeneza mashine ya kusaga, akaazima jiwe la chuma la kilo tano lenye muhuri. Siku ya soko akalitia kwenye mizani ya karani mbele ya watu. Sindano ikasimama kwenye nne.

"Wakampiga?" Ephraim aliuliza.

"Hakuna aliyempiga. Walinyamaza tu, wakachukua magunia yao wakarudi nyumbani. Wiki iliyofuata hakuna aliyempelekea pamba. Na jumbe aliposema, wakamwangalia kama wanavyoangalia ile sindano. Mwaka haukwisha, wote wawili hawapo."

Ephraim akachukua kalamu. Perpetua alisema kwa Kiswahili, yeye akaandika kwa Kiingereza, wakajaza ukurasa. Walipofika mwisho Perpetua akakuta kasoro.

"Kila ukurasa una Mzungu. Wa kwanza una Mtaliano, wa tatu una Mwingereza. Huu hauna mtu. Mwalimu atajua."

"Tumtie baba yako."

"Nani atamwamini baba yangu? Tia Gustave."

"Gustave nani?"

"Gustave tu. Wakubwa hawahitaji la pili."

"Ni Mswisi huyo."

"Ukurasa wa saba uko Paris. Mfanye Mfaransa, asichoke njiani."

Ndivyo alivyozaliwa mwanafalsafa Gustave, Mfaransa, aliyesema: *Mtu akishapima pamba yake mwenyewe mara moja, hatawaliwi tena na mizani ya mwingine.* Chini yake walitia mstari mmoja zaidi, lakini wino uliobaki haukufika chini ya ukurasa na mstari ule haukutoka kwenye nakala hata moja. Kesho yake asubuhi Perpetua aliingia darasani na chaki akauandika ubaoni, wanafunzi wakauongeza kwa kalamu.

Somo la Nne likawa somo lililopendwa kuliko yote. Watoto wa Soweto, ambao baba zao walipimiwa maisha na karani kila asubuhi kwenye kitabu cha pasi, kile cha ruhusa ya Mwafrika kutembea, hawakuhitaji kuelezwa mara mbili. Miezi ya sayari waliisahau. Mizani waliibeba. Mwalimu aliporudi kutoka Lusaka akasoma ukurasa wa sita mara mbili, akasema alikuwa amesahau kumbe aliandika vizuri namna ile.

Mwaka uliofuata Ephraim Maseko na Perpetua Ligombo walifunga ndoa ofisini kwa mkuu wa wilaya, Morogoro. Cheti kikaandikwa, kikapigwa mhuri. Hakuna aliyefikiria jina. Lilikuwa ndilo jina lake, ndilo alilomtongozea.

Mwaka 1991 wakimbizi walianza kurudishwa kwao. Mume alitangulia. Ndani ya ndege walipewa fomu za kuingilia nchini, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mitatu akaandika jina lake la nyumbani, Sipho Dlomo. Jirani yake kwenye kiti alikuwa Seif. Kila mmoja alichungulia fomu ya mwenzake, wakacheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama wanaumwa. Kisa hicho Sipho alimsimulia mkewe mara nyingi. Perpetua na binti yao Lerato walifuata mwaka 1994. Mume alipata kazi ya ulinzi kwenye ghala, akapata na kifua, na mwaka 1999 kifua kikammaliza. Cheti cha kifo kikasema Sipho Dlomo, kwa kuwa ndiye aliyekufa.

Kibali cha Perpetua kilikuwa cha mke wa mwenyeji, alichopewa pamoja na wakimbizi waliorudi bila mtu kudai cheti cha ndoa. Kilipokwisha, mwaka 2003, akapeleka karatasi zake, akiwa amezipanga vizuri kuliko mtu yeyote kwenye foleni ile. Karani alizisoma bila haraka. Alikuwa kijana mwenye adabu, na hilo ndilo lililokuwa baya. Hapakuwa na wa kumgombeza.

"Mama, aliyekuoa ni Maseko."

"Ndiyo."

"Aliyekufa ni Dlomo."

"Ndiye huyo huyo."

"Mimi nakuamini, mama. Lakini faili halina masikio. Nitafutie mtu mmoja aliyewajua wote wawili, aape polisi kwamba ni mmoja. Mpaka tarehe thelathini Septemba. Baada ya hapo faili linafungwa, na utatakiwa kuondoka."

Lerato alikuwa na miaka kumi na saba, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Kiswahili alikielewa chote na kukijibu kwa Kizulu. Yeye ni mtoto wa Dlomo, karatasi zake hazikuwa na neno. Kwa hiyo mama angerudi Ulanga na binti angebaki La Rochelle. Hesabu ilikuwa nyepesi, hata mimi niliiweza.

Wa kuapa alikuwa mmoja tu. Wengine wa kambini walimjua Ephraim, lakini Ephraim anayeandika Sipho Dlomo aliyemwona ni Seif peke yake. Na Seif sasa alikuwa Daktari Mzwandile Ntloko, mkurugenzi wa taasisi moja ya fikra, mwenye katibu. Perpetua alipiga simu mara kumi na moja. Katibu alijibu kila mara, kwa sauti tamu, kwamba Daktari hamfahamu Bibi Dlomo.

"Anamfahamu nani sasa?" Égide aliuliza. Huyu alikuwa Mrundi mpiga picha za pasipoti, meza ya jirani. "Wakishavaa tai wanaona picha za mbele tu. *Voilà*, mama, nenda ukasimame mlangoni kwake."

"Nikasimame kama nani?"

Hilo ndilo lilikuwa swali.

Tarehe ishirini na moja Septemba niliona bango Braamfontein, karibu na robot, yaani taa za barabarani, za chuo kikuu. Mhadhara wa wazi, Jumamosi saa nne asubuhi: *Sayansi, Falsafa na Mapinduzi*, Daktari M. Ntloko. Nilimpelekea habari. Alikuwa anachapa fomu ya mtu, hakuinua kichwa.

"Wewe na chuo kikuu mna nini, Nusu Diploma?"

"Nilikuwa napita tu."

"Endelea kupita hivyo hivyo. Jumamosi utanisindikiza."

Tulifika mapema tukakaa safu ya tatu. Perpetua alivaa gauni la Pasaka na mkoba mkubwa mweusi. Ukumbi ulijaa wanafunzi, walimu, na wale watu wanaokwenda mihadhara kwa ajili ya biskuti. Daktari Ntloko aliingia, mrefu, mvi chache kama zilizopimwa, suti ya rangi ya majivu. Akaanza na Mtaliano na darubini.

Perpetua akanigusa kwa kiwiko. "Ukurasa wa kwanza," alinong'ona.

Akaja Mwingereza na tunda. "Wa tatu." Akauliza kuhusu mbingu na mfalme. "Wa tano, mwisho." Nikaanza kutokwa jasho kwa niaba ya mtu ambaye hata simjui. Daktari, namsifu, alikuwa anasema vizuri. Alisema darubini haikupindua mfalme hata mmoja. Ilichofanya ni kumwonyesha mtu wa kawaida kwamba linaloweza kutazamwa linaweza kuulizwa. Alisema watumwa wa Haiti walisimama nyuma ya viti vya mabwana zao wakisikia habari za haki za binadamu huku wakigawa supu, nao, tofauti na mabwana, wakaziamini. Kisha akavua miwani.

"Lakini aliyeliweka wazi zaidi ni Mfaransa mmoja asiyejulikana sana. Gustave. Nimemwekea sura nzima kwenye tasnifu yangu ya udaktari. Anasema hivi: mtu akishapima pamba yake mwenyewe mara moja, hatawaliwi tena na mizani ya mwingine."

Watu waliandika. Kalamu nilizisikia.

Wakati wa maswali akasimama mhadhiri Mkenya wa falsafa, Khatibu, mtu mdogo mwenye sauti ya kufungua makopo. "Daktari, nimefundisha Wafaransa miaka kumi na minne. Huyu Gustave simjui. Kitabu chake kipi? Na Ufaransa walilima pamba wapi?"

Kicheko kidogo. Daktari alisema kwamba uhamishoni walisoma nakala za stensili, vitabu vilikuwa adimu, angetafuta marejeo. Khatibu hakuketi. Wanaojua harufu ya damu kumbe hata chuo kikuu wapo.

Nilielewa Perpetua alipobanwa, maana nilikuwa ubavuni mwake. Akisema, anamvua Daktari nguo mbele ya wanafunzi wake, na mtu aliyevuliwa nguo haendi polisi kukuapia. Akinyamaza, tunakula biskuti, tunarudi La Rochelle, na zimebaki siku tatu.

"Nyamaza," nikamwambia. "Mngoje nje."

"Nimemngoja simu kumi na moja," alisema, akasimama.

Alisema kwa Kiswahili. Kiingereza chake kilikuwa kizuri cha fomu, lakini alichagua Kiswahili, na ukumbi ukageuka kumtazama.

"Komredi Seif. Huyo Gustave hakuwa Mfaransa. Alikuwa Mswisi, alitengeneza mashine ya kusaga, na hakusema kitu. Aliazimisha jiwe tu. Maneno ni ya kwetu Ulanga. Ukurasa ule nimeuandika mimi na Komredi Ephraim, kwa sababu wa mwalimu nilikuwa nimefutia wino."

Khatibu alielewa kila neno. Alifunika mdomo. Wengine wakaanza kuulizana amesema nini. Ntloko alishika kingo za meza. Kwa dakika nzima sikujua atamwita mlinzi au atamwita dada.

Kisha akajibu, naye kwa Kiswahili, cha Morogoro, kilichopata kutu. "Mama, kambini walipita watu mia. Kila mmoja anaweza kusema aliandika kitu. Nitajuaje?"

"Pima," alisema Perpetua.

Hakuna aliyecheka. Daktari akavaa tena miwani.

"Ukurasa wa sita ulikuwa na mstari wa mwisho ambao haukuchapwa. Kwenye tasnifu sikuutia, maana ulikuwa kwa mkono wangu, nikaona labda ni wangu mwenyewe. Hakuna kitabu ulimo. Sema ulisemaje."

"Wino ulikwisha. Niliuandika ubaoni asubuhi, wewe ulikaa dirishani, ukaniomba nisogee kwa sababu nilikuwa nakuziba." Kisha akausema: "*Na akishatoka huyo karani, naye mpya mpime.*"

Ntloko akaketi kwenye kiti cha mwenyekiti, ambacho hakikuwa chake. Alikuwa mkurugenzi, alikuwa na katibu, alikuwa na gari jipya. Ukumbi mzima ulijua hayo. Akatazama mikono yake, halafu ya Perpetua, kama anayetafuta weusi ule.

"Dada Wino," alisema.

"Ndiyo, komredi."

"Mbona hukupiga simu?"

Hapo ndipo nilipocheka mimi, peke yangu, nikakanyagwa mguu.

Alisimama akawaeleza watu kwa Kiingereza, bila kupunguza. Kwamba Gustave hayupo. Kwamba sura ya nne ya tasnifu yake inamtegemea mchapaji wa Kitanzania aliyeishia darasa la saba na baba yake mkulima. Kwamba atamwandikia msimamizi wake, na hajui atajibiwa nini. Khatibu akaketi; alikuwa amekuja kuwinda sungura, ameletewa sungura mezani, hamu imekwisha. Watu wachache walipiga makofi. Wengine waliwahi biskuti.

Perpetua hakungoja makofi. Alimfuata Ntloko pembeni, akafungua mkoba mweusi, akatoa hati ya kiapo, tayari imechapwa, nakala tatu na kaboni zake. Alikuwa ameichapa tangu Julai.

"Unakumbuka ndani ya ndege? Fomu mlizochunguliana?"

"Sipho Dlomo," alisema Ntloko papo hapo. "Akaniambia, kumbe wewe ni Mzwandile, jina zito hivyo mbona hukunenepa. Yuko wapi?"

"Amefariki. Miaka minne."

Hakujua. Kisha tukatembea watu watatu mpaka kituo cha polisi, mwendo wa dakika tano. Konstebo alimwapisha, Ntloko akatia sahihi nakala zote tatu, haraka, macho yamelowa. Perpetua akazichukua, akazikagua moja moja kama anavyokagua za Wakongo.

"Komredi."

"Naam, dada."

"Umesaini Seif."

Kweli. Mara tatu, kwa herufi nzuri. Konstebo akainama kutazama, akauliza kama kuna mtu wa nne. Perpetua akatoa mkobani seti nyingine, tupu. Alikuwa na mbili. Anawajua watu wa fomu.

Tarehe ishirini na tisa karani mwenye adabu aliweka vyeti viwili ubavu kwa ubavu, na kiapo juu yake. Alisoma chote, kidole kikipita chini ya mstari.

"Sasa mama, jina lake la kweli lilikuwa lipi?"

"Moja alizaliwa nalo. Lingine alinioa nalo."

"Faili linataka moja."

"Andika Dlomo. Mtoto ni Dlomo." Akangoja aandike. "Na Maseko litie pale chini, penye majina mengine. Nafasi ipo, mistari miwili."

Karani akatazama chini. Ilikuwepo. Akaandika, akapiga mhuri, akamwambia arudi baada ya wiki sita kwa kibali. Perpetua akaomba asome alivyoandika kabla hajafunga faili, na alipopewa akalisoma kwa dakika kumi, foleni nyuma yetu ikisonya. Herufi moja ya Ligombo haikuwa sawa. Akamrudishia karani, asahihishe.